Hewani Anafoka, Simuni Mwake Ni Bossa Nova: Nimwambieje?

Wapendwa washauri,

Mimi ni mtayarishaji msaidizi wa kipindi cha mjadala cha televisheni kinachorushwa usiku, mara moja kwa wiki. Mwendeshaji wetu ni mtu wa kukatiza wageni na kugonga meza. Mwanasiasa akikwepa swali, atarudishiwa swali lilelile mara nne, mara tano, mpaka ajibu au anyamaze. Watazamaji wanamfuata kwa ajili hiyo, na mimi namheshimu kwa sababu najua anavyosoma kabla ya kuingia studio.

Sasa kituo kimepanga toleo maalum la saa moja ambamo yeye mwenyewe atakuwa mgeni. Atachagua nyimbo nane, zitapigwa, na ataeleza kila moja ilimwingiaje moyoni. Orodha ameshanikabidhi. Yote ni roki nzito na nyimbo za maandamano, zinazolingana kabisa na sura yake ya hewani. Shida ni kwamba najua si yake. Wiki tatu zilizopita aliniomba niunganishe simu yake na spika za chumba cha maandalizi, na programu ya muziki ikafunguka mbele ya macho yangu. Waliokuwa juu kwa mwaka huu ni João Gilberto, Mbrazili wa bossa nova (samba iliyotulizwa, ya gitaa na sauti ya chini), ABBA, na kwaya za karne ya 16, hasa za mtunzi Mwingereza Thomas Tallis. Katika thelathini za juu hapakuwa na roki nzito hata moja.

Ulimi uliniponyoka nikamtajia mkuu wa vipindi. Sasa anataka nitafute nafasi nyingine nipige picha ya ile skrini, itumike kwenye matangazo ya toleo hilo. Mwendeshaji hajui lolote. Tunarekodi baada ya wiki nne. Naogopa kumvunjia heshima, na naogopa vilevile kutengeneza kipindi cha uongo. Tena, hata akikubali kuleta muziki wake wa kweli, mimi nimezoea mabishano. Kipindi cha muziki sijawahi kukitengeneza. Nianzie wapi?

Mtayarishaji Aliyekwama


Dada Mtayarishaji,

Tuanze na ile picha ya skrini, kwa kuwa ndiyo inayokusukuma leo. Usiipige. Mjibu mkuu wa vipindi kwa sentensi moja: “Orodha ile ni mali yake, nitamwomba mwenyewe.” Orodha ya kusikiliza si orodha ya majina ya wasanii tu. Inaonyesha mtu anakesha mpaka saa ngapi, wimbo gani aliurudia mara hamsini katika juma lenye msiba au kuachwa, na anasali au hasali. Zaidi ya hayo, mwendeshaji wa mjadala mkali anafanya kazi akiwa na sauti zenu sikioni. Siku atakapoanza kujiuliza kama mnaomnong’oneza mnamtakia mema, kipindi chenu cha kila wiki kitalegea, na hilo litakuwa hasara kubwa kuliko toleo lolote maalum.

Kisha mwambie. Usimwambie siku ya kipindi, wala ndani ya saa moja baada ya taa za studio kuzimwa, kwa maana mtu aliyetoka kubishana bado mwili wake unabishana. Chagua kesho yake asubuhi, ninyi wawili tu, na usimwandikie ujumbe. Maneno yawe machache: “Mzee, siku ile ya spika nilisoma skrini yako na sikukwambia. Nikamtajia mkuu wa vipindi, nalo ni kosa langu. Naomba radhi. Orodha uliyonipa naweza kuifanyia kazi, lakini ile niliyoiona ndiyo yenye kipindi.” Ukishasema hayo, nyamaza. Swali lake la kwanza litakuwa nani mwingine anajua. Mpe majina bila kujitetea. Watu wa kazi yake wananusa mara moja mtu anayezungukazunguka, ndiyo riziki yao. Ukijibu moja kwa moja atakasirika, lakini atakuamini. Mpe siku tatu afikiri.

Atakapokuja na hofu yake, na lazima atakuja nayo, itakuwa hii: watu wakijua napenda sauti za kunong’ona, nani ataniogopa tena? Hapo mpe mifano ya watu wa kazi yake. William F. Buckley Jr. aliendesha kipindi cha mjadala nchini Marekani kuanzia 1966 hadi 1999, na wengi bado wanakumbuka alivyomtishia mwandishi Gore Vidal mbele ya kamera mwaka 1968. Mtu huyohuyo alimpenda Bach kiasi cha kujifunza hapsikodi, kile kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kupigwa kwa nyundo ndogo kama piano, na mwaka 1989 akakaa mbele ya Phoenix Symphony akapiga konserto ya Bach hadharani. Baada ya hapo aliendelea kubishana na watu hewani kwa miaka kumi. Jerry Springer, ambaye kwenye jukwaa lake watu walirushiana viti, alitoa albamu ya muziki wa country mwaka 1995, na kipindi chake kilidumu hadi 2018. Morton Downey Jr., aliyekuwa akiwapulizia wageni moshi wa sigara usoni, alikuwa mtoto wa mwimbaji maarufu wa sauti ya “tenor,” yaani sauti ya juu ya kiume, na yeye mwenyewe alirekodi nyimbo miaka mingi kabla televisheni haijamjua kwa kelele. Tucker Carlson, mtangazaji Mmarekani wa siasa za kihafidhina, amesema wazi kwa miaka mingi kwamba ni mpenzi wa Grateful Dead, bendi iliyokulia kwenye utamaduni wa mahipi ulio mbali sana na siasa zake.

Ukiwatazama hao wote, hakuna aliyejitetea kwa ajili ya muziki wake. Buckley hakusema “samahani, nina upande laini.” Alikaa akapiga. Hapo ndipo kipindi chenu kitakapopona au kufa, na tutalirudia jambo hili tukifika kwenye mahojiano.

Kabla hujaitupa orodha yake ya kwanza, ipime kwa haki. Huenda mna wimbo mmoja au miwili iliyo yake kweli, kwa sababu nyimbo za miaka ya ujana hung’ang’ania kumbukumbuni hata kama mtu hazipigi tena. Kwa kila wimbo muulize mambo matatu bila kumwonya: baada ya mstari wa kwanza unafuata upi, kabla ya ubeti wa pili kunatokea nini kwenye ala, na mara ya kwanza aliusikia kwenye chombo gani, cha nani. Anayeupenda wimbo atajibu la pili kwa mdomo, atakuimbia gitaa au ngoma. Asiyeupenda atakupa historia ya bendi: mwaka ilipoanzishwa, nani alijitoa, albamu iliuza vipi. Historia ya bendi ikija kabla ya sauti ya bendi, futa huo wimbo.

Ile orodha ya simuni nayo usiiamini kipofu. Programu za muziki huendelea kupiga zenyewe wimbo ukiisha, watoto hutumia simu ya mzazi, na kuna muziki wa kulalia unaojipiga saa sita mfululizo huku mwenyewe anakoroma. Mwombe akuonyeshe, kwa hiari yake, nyimbo alizozihifadhi kwa kidole chake na zile alizozitafuta kwa kuandika jina. Huenda ukagundua kwamba Tallis ni muziki wa kusomea majalada ya wageni, Gilberto wa kushukia hasira baada ya kipindi, na ABBA wa ndani ya gari. Ni mapenzi ya kweli yote matatu, lakini kila moja lina swali lake.

Kuhusu umbo la kipindi: mgeni na rekodi nane ni mpango wa Desert Island Discs ya BBC, uliobuniwa na Roy Plomley na kurushwa mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1942: mgeni hujifanya ameachwa peke yake kisiwani na rekodi zake, na baadaye wakaongeza kitabu na kitu kimoja cha anasa. Kisiwa chao waachieni. Tungewashauri mshuke hadi nyimbo sita, na hatusemi hivyo kwa sababu ya kuogopa kuiga tu. Hesabu yenyewe inadai. Saa ya televisheni yenye matangazo ya biashara huwaachia kama dakika 44. Toa 4 za kufungua na kufunga, zinabaki 40. Nyimbo sita za dakika 1 na sekunde 30 ni dakika 9, mazungumzo yanapata 31, yaani zaidi kidogo ya dakika 5 kwa kila wimbo. Mkilazimisha nane, ama muziki unakuwa vijisekunde vya kuonja, ama yeye anakatizwa kila anapoanza kusema la maana. Na mtu aliyezoea kukatiza wengine hukatizika vibaya. Kama kituo chenu hakina matangazo na mna dakika 52 kamili, nane zinawezekana: muziki 12, maneno 36, kufungua na kufunga 4.

Jambo jingine la kuchunga kwenye uchaguzi ni kujipamba. Mwaka 1958 mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf alichagua rekodi nane kwenye kipindi hicho cha BBC, na saba zilikuwa na sauti yake mwenyewe. Imebaki inasimuliwa mpaka leo. Wako hataweka sauti yake, lakini anaweza kujipamba kwa njia nyingine, kwa kubakiza Tallis watatu ili aonekane msomi na kumficha ABBA. Mkatalie. Wawili Gilberto, mmoja ABBA, mmoja Tallis, mmoja wa ujanani, na wa sita mwache aamue.

Sasa ufundi, na hapa usiwe na haraka, kwa kuwa mitego ni tofauti kwa kila muziki alioupenda.

Tallis kwanza, maana ndiye atakayekuponza. Kama amechagua utungo mkubwa wa sauti 40, ule wa karibu mwaka 1570 ulioandikwa kwa kwaya nane zenye sauti tano kila moja, ujue kwamba sauti zinaingia moja baada ya nyingine, zikihama kutoka kwaya hadi kwaya. Zote arobaini zinakutana mara ya kwanza kwenye hatua ya 40 ya muziki, ambayo kwenye rekodi nyingi huangukia karibu na dakika ya tatu kutegemea kasi ya kwaya. Ukikata dakika moja na nusu ya mwanzo, kama mhariri mwenye haraka anavyofanya, mtazamaji hatasikia kabisa kile kinachomtoa machozi mwendeshaji wenu. Anzia kama sekunde 50 kabla ya mkutano huo, muziki ujae wenyewe, kisha uache sekunde 30 baada yake. Na usiukate ghafla. Rekodi za kwaya hufanywa mara nyingi kanisani, ambako mwangwi hukaa sekunde kadhaa baada ya sauti kunyamaza. Punguza polepole kwa sekunde 6 hadi 8, ukianza mwishoni mwa pumzi ya waimbaji. Ukikata katikati ya neno, hata asiyejua Kilatini atahisi mlango umembamizwa usoni.

Gilberto ana mtego wa aina nyingine. Anaimba chini sana, karibu na maikrofoni, bila kutetemesha sauti, na gitaa linabeba mdundo wote wa samba kwa vidole vya mkono mmoja. Inajulikana kwamba katikati ya miaka ya 1950, akiishi kwa dada yake huko Diamantina, Brazil, alikuwa akijifungia bafuni na gitaa kwa sababu vigae vilimrudishia sauti yake vizuri. Jambo hilo mwulize mwendeshaji kama analijua, maana linafungua mazungumzo kuhusu mtu kujisikiliza mwenyewe. Kiufundi, fundi sauti wenu aliyezoea mabishano atataka kuubana wimbo huu kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ili “upande.” Mzuie. Ukiubana, pumzi na mikwaruzo ya nyuzi vinapanda pamoja na sauti, na ule ukaribu unageuka kelele. Badala yake shusheni kila kitu kingine: sekunde mbili za ukimya kamili kabla ya wimbo, halafu uanze. Sikio likishatulia, sauti ndogo inatosha. Msiseme juu yake, wala kwenye utangulizi wa gitaa. Ala na sauti ya mwimbaji zimefumwa kwa namna ambayo hakuna pengo la kupitishia maneno.

ABBA ndiye rahisi kwa mafundi na mgumu kwa mwenye kuuliza. Muziki wao ulirekodiwa kwa matabaka: fundi wao Michael B. Tretow aliwarudisha Agnetha Fältskog na Anni-Frid Lyngstad waimbe tena mstari uleule juu ya ule wa kwanza, kasi ya mkanda ikiwa imebadilishwa kidogo, ili sauti mbili zisikike kama ukuta. Kwa hiyo unavumilia spika ndogo za televisheni vizuri kuliko nyingine zote. Anza sekunde kumi hivi kabla ya kibwagizo, usianze kwenye kibwagizo chenyewe. Msikilizaji anahitaji kupandishwa ngazi ili afurahie kufika juu. Ugumu ni huu: anayehoji atataka kucheka na kuuita muziki wa kuonea aibu. Mwonye mapema. Ndoa zote mbili za ndani ya kundi hilo zilivunjika kati ya 1979 na 1981 huku wakiendelea kuimba pamoja, wanaume wakiandika maneno na waliokuwa wake zao wakiyaimba. Kuna huzuni ya watu wazima chini ya ule mdundo wa kucheza. Kama mwendeshaji wenu amekuwa akiusikiliza garini mwaka mzima, yaelekea ndiyo anayoisikia, na swali la kejeli litamfunga mdomo kwa saa nzima iliyobaki.

Mafaili ya muziki yachukueni kwenye sidii au kwa kampuni ya rekodi, katika muundo usiobanwa, yaani faili lisilopunguzwa ukubwa. Televisheni hutumia sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, sidii 44,100; badilisheni mara moja tu, mwanzoni, kwa programu nzuri, si kila mara faili linapohama mashine. Msipakue kutoka kwenye video za intaneti. Kwenye ABBA huenda msione tofauti, lakini mwangwi wa kanisani uliobanwa sana hugeuka kama sauti inayotoka majini, na masikio yaliyozoea wimbo huo, pamoja na yake mwenyewe, yatalijua hilo papo hapo. Mwishoni kipindi kizima kitapimwa kwa wastani wa ukubwa wa sauti: Ulaya ni -23 LUFS, Marekani -24 LKFS (ni kipimo kilekile chenye majina mawili). Kosa la kawaida ni kukifikisha kila kipande cha muziki kwenye kiwango hicho peke yake. Mkifanya hivyo, Gilberto atakuwa na ukubwa uleule wa ABBA, na mantiki ya kipindi inakufa. Pimeni jumla, muziki mmoja uwe chini na mwingine juu kama ulivyozaliwa.

Studio yenyewe iandaliwe kwa kumvua silaha zake, na silaha zake si hasira. Ni vifaa. Mtoe kifaa cha sikioni, mwondolee karatasi, geuza saa ya kuhesabu muda isimtazame, na mkalishe upande ambao wageni wake hukaa. Kiti kile kinabadilisha mtu. Taa na kamera zinamjia kutoka pembe asiyoizoea, na ataacha kuendesha kipindi bila kuombwa. Anayemhoji asiwe rafiki yake wala mtu anayemwogopa. Aulize swali moja kwa wakati. Yeye atajibu kwa swali, ndiyo desturi yake. Anayehoji ajibu kwa sentensi moja fupi ya kweli, kisha ahesabu tatu kimoyomoyo bila kuongeza neno. Wengi huvunja ukimya huo kwenye mbili, na hapo ndipo mwendeshaji huchukua usukani.

Wakati muziki unapigwa, zimeni maikrofoni zote za kifuani. Muziki wa spika ukiingia kwenye maikrofoni, baadaye mkipandisha faili safi juu yake, nakala mbili zinapishana kwa sehemu ndogo ya sekunde na sauti inakuwa kama ya ndani ya bomba; hakuna mhariri anayeweza kuliondoa hilo. Spika zipige kwa kiasi, msimamizi aandike muda kamili wimbo ulipoanza, na faili safi liwekwe kwenye uhariri. Kamera moja ikae usoni mwake tangu noti ya kwanza hadi sekunde kumi baada ya mwisho, isihame hata mkurugenzi akishawishika. Uso wa mtu mgumu mara nyingi hufunguka baada ya muziki kukoma, pale anapodhani kamera imeshageuka. Tengeni dakika 100 za kurekodi.

Na lile tuliloahidi kulirudia. Msimlainishe. Kishawishi kikubwa cha toleo kama hili ni kumwonyesha kwamba “kumbe ni mpole,” mwanga wa njano, sauti ya chini, picha za utotoni. Mtazamaji atanusa kwamba kituo kinamsafisha mtu wake. Mruhusuni abishane, ila safari hii abishane kwa ajili ya wimbo. Anayehoji amwambie ana kwa ana: bossa nova ni muziki wa lifti. Amwambie sauti arobaini ni nyingi, sikio halizishiki. Hapo mtamwona akiinama mbele kwa ukali uleule anaoutumia kwa mawaziri, akitetea gitaa moja la mtu aliyejifungia bafuni, akisema sikiliza kidole gumba kinavyofanya hapa, rudisha, sikiliza tena. Mkubali kuurudisha wimbo ikiwa ataomba. Ziwekeni nyimbo zote sita tayari kwa kurudishwa sekunde 15 nyuma kwa kitufe kimoja. Haiba yake itabaki ile ile, na muziki utakuwa umepata wakili.

Haki zishughulikieni wiki hii, si wiki ya nne. Kila wimbo una haki mbili: ya utungo, iliyo ya mtunzi na mchapishaji wake, na ya rekodi, iliyo ya waimbaji na kampuni. Tallis alikufa 1585, utungo wake haudaiwi na mtu, lakini kwaya iliyorekodi juzi ina haki kamili juu ya rekodi yake; katika Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi iliyotolewa huendelea kwa miaka 70. Leseni ya jumla ambayo kituo hulipa chama cha hakimiliki kwa kawaida inahusu urushaji. Mara nyingi haihusu kuweka kipindi kwenye intaneti kitazamwe wakati wowote, wala kuutumia muziki kwenye tangazo la kipindi. Ulizeni mambo hayo matatu kwa maandishi: urushaji, intaneti, tangazo. Kama intaneti haikuruhusiwa kwa wimbo fulani, tayarisheni toleo la pili ambamo wimbo huo unasikika sekunde chache au haupo, na yeye ameulizwa swali la ziada litakaloziba pengo. Swali hilo lazima lirekodiwe siku ileile, akiwa na shati lilelile.

Angalieni pia kama msanii aliye hai ana ugomvi na misimamo ya mwendeshaji wenu. Rush Limbaugh, mtangazaji wa kihafidhina wa redio nchini Marekani, alifungua kipindi chake kwa miaka mingi kwa muziki wa The Pretenders, ilhali Chrissie Hynde, kiongozi wa bendi hiyo, ni mtetezi wa haki za wanyama aliyekuwa mbali naye kisiasa. Mwisho walielewana kwamba malipo yaende kwa PETA, shirika la kutetea wanyama. Ninyi mnapiga dakika moja na nusu tu, lakini afadhali mwendeshaji ajue mapema kuliko kuulizwa na gazeti.

Kuna uwezekano atakataa. Atasema orodha ya roki ibaki, basi. Usimbembeleze zaidi ya mara moja. Chukua orodha hiyo, toa kila wimbo ulioanguka kwenye yale maswali matatu, na uone zimebaki ngapi. Zikibaki nne, fanyeni kipindi cha nyimbo nne, na muda uliobaki aulizwe kuhusu ukimya: anasikiliza nini akirudi nyumbani, na kama hasikilizi kitu, kwa nini. Huenda akalitaja jina la Gilberto mwenyewe, kwa kinywa chake, saa aliyoichagua. Kwa hiyo ule wimbo wa gitaa uombee kibali hata kama haumo kwenye orodha, uwe umeshapimwa na kukatwa, na fundi sauti ajue uko kitufe gani.